Jina la Mpiga Kengele

Jenifa alikuwa amefika mwaka wa sabini na sita katika kitabu cha washirika, kidole chake kikishuka jina kwa jina, pale simu ilipotetemeka tena juu ya meza. Hakuipokea. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akichambua tumbaku huko Urambo, jani moja baada ya jingine, na alikwisha jifunza kwamba anayeinua macho katikati ya rundo hulazimika kulianza upya.

"Pokea, mama," alisema Mwinjilisti Nikolaus wa Walutheri. "Huenda ni watu wa hospitali."

"Ni ndugu yangu Amon, yuko makaburini. Anauliza wachimbe upande gani."

Hilo ndilo lililokuwa limewakalisha watu watatu kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu tangu asubuhi ya Ijumaa ile. Makaburi ya kanisa yalikatwa katikati na njia ya miguu. Kulia walilala Wamoraviani chini ya mawe bapa, wanaume safu yao na wanawake safu yao. Kushoto walilala Walutheri chini ya misalaba. Mzee Shigela, baba yake Jenifa, alifariki alfajiri ya jana akiwa na miaka sabini na tisa, na mazishi yalitangazwa kuwa kesho saa saba. Alikuwa amepiga kengele ya kanisa lile miaka arobaini na mmoja. Sasa vijana walikuwa wamesimama na majembe, na hakuna aliyejua alikuwa wa upande gani.

Kanisa lenyewe lilikuwa la zamani, la matofali ya udongo na mbao za mninga, limejengwa enzi za Wajerumani kando ya njia ya misafara iliyokuwa ikienda Ujiji. Lilikuwa la Wamoraviani. Walutheri walikuja na reli. Makarani na mafundi wa stesheni waliokosa pa kusali wakaombewa nafasi ya miezi michache, na miezi hiyo haijaisha mpaka leo. Wamoraviani husali saa moja asubuhi, Walutheri saa tatu na nusu. Chumba cha nyuma kina makabati mawili, moja ukuta huu na jingine ukuta ule, kila moja na kufuli lake. Mzee Shigela alifika kabla ya ibada ya kwanza na kuondoka baada ya ya pili. Wamoraviani walimwona akiwapokea Walutheri mlangoni wakasema huyu ni wao. Walutheri walimkuta ndani tayari wakasema huyu ni wa wale wa kwanza.

Nikolaus alikuwa amemaliza vitabu vya kabati lake. Shigela hayumo. Kando ya kabati la pili, kilikotoka kitabu alichoshika Jenifa, alikaa Mzee Lugembe, mzee wa kanisa upande wa Moraviani, karani mstaafu wa reli, ufunguo ukining'inia kidoleni.

"Ninyi Walutheri mngemwandika tu," alisema Lugembe. "Miaka yote hiyo mnaamshwa na kengele yake."

"Nasi tulidhani mmemwandika ninyi, mzee. Tungewezaje kuiba kondoo mbele ya macho yenu?"

"Mmeiba kanisa zima, kondoo mmoja ndiyo mwone haya?"

Walicheka kidogo, kisha wakakumbuka kuna msiba. Jenifa hakuwa amecheka. Kidole chake kilikuwa kimesimama.

"Huyu hapa," alisema.

Shigela Masanja, amebatizwa utotoni, amepokewa ushirikani mwaka 1976. Juu ya jina ulipita mstari mwekundu, umenyooka, umepigwa kwa rula kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na neno jingine.

Lugembe alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Hakuonekana kushtuka. "Mstari huu naujua," alisema polepole. "Niliuona nilipokabidhiwa vitabu, mwaka wa tisini na sita. Nilidhani baadaye alikwenda kwa akina Nikolaus, wakampokea."

"Maana yake nini, mzee?"

"Ng'wanawane, mwanangu, maana yake unaijua. Wino mwekundu ni aliyetengwa."

Aliijua. Aliijua tangu akiwa darasa la tatu, siku Meza ya Bwana ilipoandaliwa na yeye akageuka kumtafuta baba, akamwona anatoka kwa mlango wa pembeni, anakwenda kukaa chini ya kengele hadi watu wamalize. Kila mara ilikuwa hivyo. Alimuuliza mama. Mama alisema baba yako ana mambo yake na kanisa, usimuulize. Na akafa hivyo hivyo, bila kusema zaidi. Watu walisema zaidi. Walisema Shigela ana mwanamke Kaliua. Mwaka mmoja Jenifa alisafiri kwenda Mpanda, na pale Kaliua, reli ya Mpanda inapochepuka, treni ilipokawia alishuka, akatembea mbele ya wauza asali wote, akitazama masikio ya watoto wao, kwa kuwa masikio ya baba yake yalikuwa ya kipekee. Hakuona kitu. Hata hivyo hakuacha kuamini.

"Sasa kesho itakuwaje?"

Lugembe alifunga kitabu taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. "Tutakuja. Tutakaa na ninyi, tutaimba kama majirani. Lakini mchungaji hatavaa joho, na kengele haitagongwa. Kitabu hakina sababu, kina mstari tu. Mimi siwezi kuufuta kwa huruma."

"Na kengele angegonga nani?" Nikolaus alitamka kabla hajafikiri. "Mgongaji si ndiye huyo amelala?"

Simu ilitetemeka. Jenifa alisimama, akakaa, akasimama tena. Alisema anakwenda kununua sukari ya msibani, ingawa sukari ilikuwepo nyumbani, na akatoka.

Duka la Fakhrudin linatazamana na kanisa, ng'ambo ya barabara. Fakhrudin mwenyewe, mwenye kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, alikuwa nyuma ya kaunta akipima maharage.

"Shikamoo, Mzee Fakhrudin."

"Marahaba, binti Shigela. Pole. Pole sana." Aliweka mzani chini. "Unajua tangu jana nafungua duka saa tatu kasorobo? Mke wangu Nasim ananiuliza, kulikoni, unaumwa? Namwambia siumwi, sijasikia kengele. Nina saa ukutani, nina saa ya mkononi, nina simu mbili. Zote bure. Nilikuwa naamka kwa baba yako."

Jenifa alitaka kusema asante. Badala yake alijikuta anasimulia, haraka haraka, kama mtu anayemwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka: kitabu, mstari, joho, vijana na majembe yao. Fakhrudin alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, mzee yule alikuna kidevu.

"Wametazama vitabu vyao. Na kile cha kengele je?"

"Kitabu gani cha kengele?"

"Cha kamati yao wote. Kiko kwangu hapa."

Jenifa alimtazama asielewe.

"Sikiliza. Nilikuwa kijana, namsaidia marehemu baba. Wazee wa kanisa waligombana, sijui nini na nini, kisha wakapatana. Walipopatana wakaandika kitabu. Walipomaliza kuandika wakagombana tena, kitabu kilale kabati gani. Huyu anasema kwangu, yule anasema kwangu. Baba akawaambia, leteni dukani, mimi sisali kwenu nyote wawili. Wakaleta." Alionyesha rafu ya juu, nyuma ya makopo ya rangi. "Nikifagia nakiinua, nikimaliza nakirudisha. Hakuna aliyewahi kuja kukiulizia."

"Nipe nikawapelekee."

"Hapana, binti, usinichukie. Baba aliniachia sharti. Waje wawili, mmoja wa kila upande, wasimame hapa pamoja."

Jenifa akarudi kanisani kuwaita. Lugembe alisema hajawahi kusikia habari hiyo. Nikolaus alisema hata yeye hajasikia, ila duka si mbali. Wakavuka barabara, Lugembe mbele na fimbo yake, Nikolaus nyuma, Jenifa akiwapita wote na kulazimika kuwasubiri. Fakhrudin alipanda ngazi, akashusha kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya sukari na uzi. Lilikuwa daftari la jalada gumu. Kurasa tatu tu zilikuwa zimeandikwa.

"Soma wewe," Lugembe alimwambia Nikolaus. "Macho yangu leo hayana nguvu."

Nikolaus alisoma kwa sauti ya ibada, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri chumvi wakasikiliza. Ilikuwa wiki moja baada ya Pentekoste ya mwaka 1983. Wazee watatu wa Moraviani na watatu wa Kilutheri walikutana kwa sababu ya ugomvi wa kamba. Imethibitika, kitabu kilisema, kwamba mpiga kengele wa Kilutheri alipiga kabla ya wakati, mahubiri ya Moraviani yakiendelea, na si mara ya kwanza. Na kwamba mpiga kengele wa Moraviani aliishika kamba ili kumzuia. Na kwamba kamba ilikatika, wote wawili wakaangukia katikati ya waumini, siku ya Roho Mtakatifu. Ikaamuliwa mpiga kengele awe mmoja, asiwe wa upande wowote. Ndugu Shigela Masanja wa Moraviani amekubali. Jina lake litolewe kitabuni, na Walutheri wasimwandike. Asishiriki Meza ya Bwana kwa hawa wala kwa wale, asije akaonekana anapendelea. Jambo hili ni la muda tu, hadi wazee watatu kwa watatu watakapoketi tena na kutia sahihi. Tena habari hii isisemwe nje ya kikao, kwa kuwa ni aibu kwa makanisa yote mawili.

Chini yalikuwepo majina saba. La saba lilikuwa la baba yake, kwa mwandiko wa mtu asiyezoea kalamu.

"Mnipe hiyo chumvi, jamani," mteja mmoja alisema kwa upole.

Lugembe alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya gunia la mchele. "Wale sita nawajua," alisema. "Wawili walihamishwa mwaka uleule, mmoja alistaafu akarudi kwao Bukoba, waliobaki wamekufa. Hawakuketi tena. Katibu alichukua kalamu nyekundu kwa sababu ndiyo ya kutolea majina." Kisha akasema, bila kumtazama Jenifa, "Siku ya ndoa yako nilimzuia kukuingiza kanisani."

"Ndiyo, mzee. Aliniingiza mjomba."

"Nilimwambia, Shigela, wewe unajijua. Akanijibu, sawa. Basi. Akageuka akaenda kupiga kengele yako." Fimbo ilikuwa inagonga sakafu. "Angesema! Neno moja tu angesema!"

"Walimwambia asiseme."

"Miaka arobaini na mmoja?"

Jenifa alidhani akipata ukweli angetulia. Badala yake aliona joto linapanda kifuani, na alishindwa kujua ni la nani. Alimkasirikia Lugembe kidogo, wale sita zaidi, na baba yake kuliko wote. Mtu anawezaje kutii hivyo? Angeweza kwenda siku moja tu, amshike mtu mkono, aseme wazee, mmenisahau. Aliwaza mama alivyokuwa akipokea mkate peke yake, kiti cha jirani kitupu. Aliwaza wauza asali wa Kaliua. Alitaka kutembea, ila pale dukani hapakuwa na pa kutembea, akabaki anahamisha kopo la rangi kutoka kushoto kwenda kulia na kulirudisha.

"Mzee Lugembe," alisema Nikolaus, "mambo si yamekwisha? Marehemu hana kosa. Tuwaite wachungaji, azikwe."

"Hayajaisha. Kikao hakijafungwa. Kinataka watatu kwa watatu watie sahihi."

"Hata leo unataka sahihi, mzee wangu? Mtu yuko mochwari!"

"Leo ndiyo nazitaka!" Lugembe alisimama kutoka kwenye gunia. "Akizikwa kwa maneno ya dukani, mimi na wewe tukifa, mtu mwingine atafungua kitabu aone wino mwekundu. Atasema, walimzika mtu aliyetengwa, walimwonea haya binti yake. Sitaki. Nataka iandikwe, isainiwe, ibandikwe mle mle kwenye ukurasa wake."

Wote wawili wakamgeukia Jenifa. Ilikuwa saa saba na nusu. Zilibaki saa ishirini na tatu na dakika thelathini.

"Mzee anasema kweli," alisema. "Nipeni majina."

Fakhrudin alitoa kalamu na karatasi. Nikolaus aliandika maneno machache: kwamba kikao cha 1983 kimeketi tena, kwamba Ndugu Shigela Masanja amerudishwa ushirikani kama alivyokuwa, na kwamba hakuwahi kutengwa. Hilo la mwisho Lugembe ndiye aliyelitaka, na ndiye aliyetia sahihi wa kwanza, herufi ya kwanza akiiandika upya. Nikolaus alifuata.

Walutheri wawili walipatikana upesi, mmoja stesheni, mwingine nyumbani kwake Isevya akikamua mbuzi. Mzee wa pili wa Moraviani alikuwa Mama Koleta, muuza mchele sokoni. Alisoma karatasi mara mbili, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo Kaliua hakukuwa na mwanamke?"

"Hakukuwa, mama."

"Nami nimemsimulia huyo mwanamke mpaka kabila lake!" Mama Koleta alipiga kofi pajani, akaanza kucheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga na kuchukua kalamu. "Niandike wapi? Hapa? Mungu anisamehe mdomo huu. Na marehemu naye anisamehe, ingawa alikuwa akinunua mchele kwangu kila Jumamosi na anajua ninavyosema."

Jenifa alipiga simu akiwa bado sokoni.

"Amon. Chimbeni kulia. Safu ya wanaume, mwisho."

"Una hakika, dada? Maana hawa vijana wameshakaa chini, wananitazama kama nimewaibia."

"Tuna sahihi tano."

"Zinatakiwa ngapi?"

"Sita."

"Dada!"

"Chimba, Amon."

Ya sita ilikuwa ya Silasi, mzee wa tatu wa Moraviani. Silasi alikuwa amekwenda Ulyankulu kuvuna mahindi, na huko shambani kwake simu hushika juu ya kichuguu kimoja tu. Jenifa alipiga mara kumi na moja. Alimpata mkewe, naye akasema mume wake atarudi kwa basi la kesho asubuhi, likifika mapema ni saa nne, likiharibika hajui. Alimtumia ujumbe. Alimtumia mwingine. Alisimama kwenye kituo cha bodaboda akihesabu: kwenda Ulyankulu sasa angefika jua likizama, na hajui shamba liko upande upi wa kichuguu.

Akaenda makaburini.

Ardhi ya pale huwa laini hadi magotini, halafu huja tabaka la mawe mekundu linalorudisha jembe kama limegonga chuma. Vijana walikuwa wamefika kiunoni. Nikolaus alikuwa ameleta wanne wa kwaya yake, na sasa walikuwa wakipokezana na wale wa Moraviani, wawili ndani, wengine juu wakikejeli.

"Ninyi mnachimba kama mnakuna mgongo!"

"Shuka wewe basi, mwenye sauti ya nne!"

Lugembe alikuwa amesimama ukingoni na fimbo, akipima. Kwa Wamoraviani kaburi halitakiwi kuwa refu wala fupi kuliko la jirani. Mawe lazima yalale mstari mmoja. Aliiteremsha fimbo shimoni, akaweka kidole mahali pa alama, akatikisa kichwa.

"Bado nusu. Na hapa limeingia kulia, linamkaribia sana jirani yake. Lazima lirekebishwe."

"Mzee, hiki ni mwamba," alisema Amon kutoka chini, jasho likimtiririka. "Bila sururu hatuendi. Zote mbili zimekatika mipini."

"Fundi atazitia mipini kesho alfajiri," alisema Nikolaus.

"Kesho saa kumi na mbili tuwe hapa," alisema Jenifa. "Silasi akifika saa nne, kuna saa tatu za kubandika karatasi na kuwaona wachungaji."

"Na asipofika?" Amon aliuliza.

Dada yake alimtazama Lugembe. Mzee yule alikuwa akifuta udongo kwenye fimbo kwa leso, polepole, kila upande.

"Asipofika," alisema hatimaye, "nitakwenda kumsimamisha njiani mwenyewe. Nitamtia kalamu mkononi ndani ya basi." Kisha akaongeza, kama mtu anayejadiliana na nafsi yake, "Na kengele lazima tumpate mtu. Miaka sabini na tisa, mapigo sabini na tisa, bila kuruka. Nani anajua kuivuta ile kamba, kengele isilie mara mbili?"

Walitazamana.

"Hilo nalo kesho," alisema Nikolaus.

Vijana walipanda mmoja mmoja, wakavutana mikono, wakaweka ubao juu ya shimo ili mbuzi wasitumbukie. Jenifa alichuchumaa kwenye udongo uliochimbuliwa, akakunjua karatasi juu ya goti. Sahihi tano. Chini yake aliandika jina la Silasi kwa herufi safi, akapiga mstari wa nukta mbele yake, akaacha nafasi ya kutosha mkono mpana wa mkulima. Kisha akabonyeza namba tena. Haipatikani kwa sasa, ilisema sauti. Aliitia simu mfukoni, akainuka kwenda kuwaonyesha wachimbaji nyumba yenye ugali, na kabla hajafika njiani alikuwa ameitoa tena.